Samaki Huyu Amekufa Lini?



Ndugu msomaji, leo nakuomba unisikilize habari ya samaki. Najua umezoea kunikuta katika kurasa hizi nikizungumza juu ya sala, au malezi ya watoto, au ndoa zinavyovunjika kwa mambo yasiyokuwa na uzito, na huenda ukasema, "Sheikh amechoka, leo ametuletea maneno ya diko." Sikuchoka. Nina jambo lililo kifuani mwangu kwa miaka mingi, na mlango wake ni samaki, basi nami sina budi kuingilia mlango huo huo.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Kwetu ni Kaskazini Unguja, na marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na ngalawa moja na madema yake, na kila siku ambayo hapakuwa na chuo nilikuwa nikifuatana naye baharini. Tulikuwa tukitoka baada ya sala ya alfajiri kwa upepo wa umande uvumao kutoka nchi kavu, na aghlabu adhuhuri ilitukuta tumekwisha rudi. Barafu baba yangu aliijua kama kitu cha mjini, kielea ndani ya gilasi ya sharubati. Hakupata hata mara moja kuilaza juu ya samaki. Lakini alikuwa na adabu zake, na ningependa uzijue, kwa sababu nimekuja kuzifahamu nikiwa mtu mzima, baada ya kuadhirika.

Samaki wa dema alimwacha humo humo majini, hai, mpaka wakati wa kurudi. Akipata jodari au nguru kwa mshipi, hapo hapo humpiga kichwani asitapetape, humkata damu ikamwagika baharini, humtumbua, humtoa mashavu, humsuuza kwa maji ya chumvi, kisha humlaza kivulini chini ya ubao na kumfunika gunia lililorowa. Kazi yangu mimi ilikuwa kulimwagia maji lile gunia kila linapoanza kukauka. Nikisinzia, nilijua kilichokuwa kikinifika! Siku moja nilimwuliza kwa nini tunajitaabisha hivi na samaki amekwisha kufa. Akanijibu kuwa samaki akifa ndipo anapoanza kuwa amana.

Neno lile nililichukua kitoto. Hikima ya gunia nimeijua baadaye: maji yanapokauka juu ya kitu hukichukulia joto lake, na ndiyo maana mtungi wa udongo unaotoka jasho hukupa maji ya baridi na ndoo ya bati isikupe. Lakini wazee wetu hawakulitegemea gunia kupita kiasi, maana hewa ya pwani imejaa maji, na maji ya gunia hukauka pole pole kuliko yanavyokauka huko Bara kwenye hewa kavu. Gunia lilikuwa likiwaazima saa chache tu. Samaki asiyepata mnunuzi mpaka alasiri alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa, akawa ng'onda, wala baba hakukubali alale mbichi.

Na katika hilo walikuwa na mfano mwema. Katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imo hadithi ya Jabir bin Abdillahi juu ya jeshi lililoongozwa na Abu Ubaida bin Jarrah, lililoshikwa na njaa mpaka watu wakala majani, kisha wakamkuta ufukweni samaki mkubwa mno, wakala kwake siku nyingi. Wengi wetu tunaikumbuka hadithi hii kwa ukubwa wa samaki yule. Jabir anaeleza vile vile kuwa walikata vipande vya nyama wakavitengeneza kuwa akiba ya safari, na hiyo ndiyo nyama iliyofika Madina na Bwana Mtume (S.A.W.) akaila. Naam, samaki ni neema iliyotajwa katika Suratun Nahl kwa sifa ya ubichi wake, lakini ubichi huo una muda, na mwenye kuupokea anatakiwa aujue muda wake.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe.

Msomaji wa Unguja hana haja ya kukumbushwa kaskazi ya mwaka 2010. Tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa chetu kizima kilikaa bila ya umeme, kwa hitilafu ya njia ile iuletayo kutoka Bara. Tulirudia vibatari. Pampu za maji zilisimama, mafriji yakawa makabati, na barafu, ambayo kwa wakati huo ilikwisha kuwa rafiki wa kila mchuuzi, ikawa kitu cha kutafutwa kama dawa. Aliyekuwa na jenereta ndiye aliyekuwa nayo, na bei yake alijua mwenyewe. Na joto lilikuwa joto la kaskazi, ambalo maji ya bahari yenyewe hufika daraja 29 za Selsiasi, wala usiku haupoi.

Katika hali hiyo ukaandama mwezi wa Mfunguo Sita, mwaka 1431, na madrasa yetu ilikuwa na desturi ya kusoma maulidi na kuwalisha wanafunzi na wazee wao. Nyama ya ng'ombe ilitushinda bei. Nikasema tutapika wali wa nazi na mchuzi wa jodari, na kazi ya kununua nikaichukua mwenyewe, kwa vile mimi ni mtoto wa mvuvi na hakuna wa kunidanganya diko.

Nilifika pwani karibu na saa tano za asubuhi. Boti moja ya mashine ilikuwa ndiyo kwanza inatia nanga, na ndani yake mna majodari wanane, wakubwa, wamefunikwa turubai. Nahodha wake nilimjua, na jina lake nitalihifadhi. Nilimfunua samaki mmoja mashavu, nikayaona mekundu kiasi. Nikamnusa, hakunuka. Nikabonyeza nyama, ikarudi. Nikamwuliza, "Wabichi hawa?" Akasema, "Maalim, tumefika sasa hivi, mwenyewe umetuona." Akataja bei, nami nikataja nusu yake, na akakubali bila ya kushindana.

Hapo ndugu yangu pana neno. Mvuvi wa kwetu akikubali nusu ya bei asubuhi, na mwezi wa shida kama ule, bila hata kuapa, mtu mwenye akili hujiuliza. Nami nilijiuliza. Swali lilinijia likanigonga kama mgeni mlangoni, nami sikumfungulia, kwa sababu fedha za madrasa zilikuwa chache na bei ilikuwa nzuri.

Mchuzi uliiva vizuri ukanukia, na baada ya kisimamo na dua watoto wakatangulia kula, watano watano kwa kila sinia. Nilikuwa nikipita baina yao. Mtoto mmoja wa kike wa miaka minane aliinua uso akaniambia, "Maalim, samaki huyu ana pilipili." Na katika mchuzi ule hapakutiwa pilipili hata moja, kwa ajili ya watoto. Nikamwambia, "Kula mwanangu, usiudekeze ulimi." Akala.

Haikupita hata nusu saa. Kwanza nyuso ziliwaiva, kama za watu walioshinda juani. Kisha wakaanza kujikuna shingo na vifua. Wengine walishika vichwa, wengine wakasema mioyo inawaenda mbio, wengine wakakimbilia nyuma ya msikiti. Walikuwa watu 19, wakubwa na wadogo. Yule mtoto wa pilipili alianza kuhema kwa shida, midomo imemvimba, na mama yake akampakata huku akiniangalia mimi, hasemi kitu. Wakatokea waliosema ni jicho, na waliosema ni uchawi wa wasioipenda maulidi, na waliosema ni sumu iliyotiwa sufuriani. Tuliwapakia kwenye gari ya dagaa tukawapeleka kituo cha afya, na njia nzima nilikuwa nikisoma, na nikisoma nikipotewa na aya ninazozisomesha kila siku.

Alhamdulillahi, hakufa mtu. Aliyewapokea pale kituoni ni kijana niliyemsomesha mimi Juzuu Amma, naye aliwatazama nyuso mara moja tu akaniuliza, "Maalim, mmekula jodari?" Akawapa dawa zile zile wapewazo watu waliodhuriwa na nyuki au na chakula kisichowapatana, na yule mtoto akampiga sindano. Kufika alfajiri wote wamelala usingizi mzuri. Na mimi, ambaye sikuweza kulala, akanikalisha kwenye benchi nje akanisomesha. Zamu yake ilikuwa imefika.

Aliniambia kuwa katika nyama ya jodari, na sehewa, na nguru, na vibua, kuna kitu cha maumbile ambacho peke yake hakina dhara. Samaki akishakufa na akaachwa na joto, vijidudu viliomo katika mashavu na matumbo yake huingia nyamani na kukigeuza kile kitu kuwa kingine, kiitwacho histamini, na hicho ndicho kilichowawasha. Changu na pono na tasi hawana tabia hii kwa kiasi hicho. Nikamwambia, lakini hakunuka. Akasema histamini haina harufu, na huweza kujaa kabla samaki hajanuka. Nikasema, lakini tumempika sana. Akasema moto huua vijidudu, ama histamini iliyokwisha fanyika haitoki kwa moto. Nikamwuliza, na kama ningempatia barafu palepale diko? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Barafu ingemzuia asizidi, Maalim. Isingemrudisha alikotoka."

Nimekuja kusoma zaidi tangu siku ile. Wamarekani, katika miongozo wanayowapa wauzaji wa samaki wa jamii hii, wameweka kwamba kama hewa au maji yamepita daraja 28 za Selsiasi, samaki atiwe barafuni haraka iwezekanavyo, wala zisipite saa 6 tangu kufa kwake. Zingatia, tangu kufa kwake. Hawakusema tangu kufika pwani. Na maji yetu ya kaskazi yanapita daraja hizo.

Usiku uliofuata, baada ya sala ya isha, nilibishiwa hodi. Alikuwa ni yule nahodha. Alikaa chini ukumbini, hakutaka mkeka, akanieleza yote. Nyavu walizitega jioni na kuziacha zielee usiku kucha. Jodari wale wengine walikufa wavuni mapema, hajui saa ngapi, wakakaa katika maji ya vuguvugu mpaka alfajiri walipovutwa. Kisha mashine ikawazimikia, wakaelea na jua likapanda. Barafu hawakuwa nayo hata kipande. Akasema, "Maalim, mimi uongo sikukwambia. Uliniuliza kama wabichi, nikakwambia tumefika sasa hivi. Nikaona umewanusa mwenyewe, nikasema sheikh amewaridhia. Hukuniuliza walikufa lini."

Kweli sikumwuliza. Na yeye hakujua kuwa sikumwuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu niliyesomesha mlango wa biashara katika fiqhi ya Imam Shafii kwa miaka. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi habari ya yule mnyama aliyefungwa asikamwe siku mbili tatu ili kiwele chake kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume amelikataza jambo hilo, na mnunuzi akapewa hiari ya kumrudisha. Muuzaji yule hasemi neno hata moja la uongo. Kiwele ndicho kisemacho. Wanazuoni wameliita jambo hili tadlisi, na mimi nilikuwa nikilitolea mifano ya mbuzi na ngamia wa Waarabu, na diko liko hatua mia mbili kutoka barazani kwangu, ambako samaki wa jana huwekwa chini ya samaki wa leo, na mashavu yaliyofifia hupakwa damu, na samaki aliyeshinda juani husukumiwa chini ya barafu dakika kumi kabla mnunuzi hajafika, akatolewa akiwa baridi na anang'aa. Na ile hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Bwana Mtume kuingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni na vidole vikatoka na umaji, wala asiukubali udhuru wa mvua, bali akamtaka mwenye mali aweke kilichorowa juu watu wakione, nilikuwa nikiisoma kwa sauti nzuri. Sikupata hata siku moja kuisoma diko.

Kubwa kuliko hilo ni fatwa yangu mwenyewe. Watu wakiniuliza juu ya samaki aliyelala, nilikuwa nikiwajibu kuwa kipimo ni pua: akinuka muache, asiponuka kula. Nilijengea juu ya hadithi ya Abu Thaalaba, katika Sahihi Muslim, ya mawindo yaonekanayo baada ya siku tatu, kwamba yaliwe maadamu hayakuoza. Na Imam Nawawi katika sherehe yake ameeleza kuwa katazo la kilichonuka ni la karaha, ila mtu akihofia madhara. Ila mtu akihofia madhara! Maneno ya wanazuoni yalikuwa kamili. Aliyepungua ni mimi, niliyeishika habari ya harufu nikaliruka neno la madhara, na wavuvi waliponisikia wakaona wamepata ruhusa: maadamu hanuki, hatuna dhambi.

Ijumaa ile niliomba ruhusa ya imamu, nikasimama baada ya sala. Nilisema kuwa samaki niliwanunua mimi, na swali la kuuliza nililijua nikaliacha, na fatwa ya pua nimeirudi. Nahodha nilimwacha nje ya maneno yangu, kwa kuwa alinijia mwenyewe usiku na hakuna aliyemlazimisha. Fedha alizopokea alitaka kuzirudisha zote. Tukasikizana azigawe kwa wazee wa wagonjwa, nami nikaongeza zangu. Wapo waliosema kuwa sheikh amejidhalilisha kwa kitoweo. Mama wa yule mtoto aliipokea fedha, akazihesabu mbele yangu, akaniambia, "Maalim, mwanangu alikwambia." Nami nilikuwa sina la kumjibu.

Huenda ukaniuliza, basi mvuvi afanye nini, na kaskazi ndiyo kaskazi? Mwenye barafu asiiweke kama pambo. Katika joto letu hutakiwa barafu iwe na uzito kama wa samaki wenyewe, ivunjwe vunjwe, itandikwe chini, baina yao na juu, na maji yake yapate pa kutokea ili samaki wasikae wanarowa katika damu yao. Nayo iwe ya maji safi, maana barafu ya maji machafu hupeleka maradhi mahali pasipokuwa nayo. Nimewaona vijana wanaochukua friji bovu, wakalitoa mashine, likawa kasha zuri la barafu, na hiyo ni akili ya kushukuriwa. Lakini kasha hilo lifuatane nao baharini. Likiachwa pwani kumngojea samaki, linamngojea mtu aliyekwisha kuumwa. Nyavu zivutwe mapema usiku ule ule, zisilale mpaka asubuhi. Na jodari ni wa kuharakishwa kuliko wote, kwa sababu mwili wake una joto kuliko maji anayoogelea, na akipigania roho yake huzidi. Damu imwagwe, matumbo na mashavu yatoke. Asiyekuwa na barafu, gunia la baba yangu lipo, na kivuli kipo, na chumvi ipo, na aseme kweli akifika.

Na wewe mnunuzi, usimchoshe mtu kwa kufunua mashavu tu. Muulize amekufa lini. Utamwona muuzaji anavyokutazama. Mimi nilipoanza kuliuliza swali hili diko letu, vijana walicheka, wakanipa jina, "Maalim Kafalini", na jina limenishika hata watoto wa madrasa hulitaja wakidhani sisikii. Baadhi ya wachuuzi walinikimbia. Wengine wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe boti inapoingia, kwa mzaha kwanza, kisha mzaha ukapungua.

Yule mtoto sasa ni mke wa mtu na ana mtoto wake. Jodari hali mpaka leo. Maulidi yakifika hunipelekea sahani ya wali na kuku, nami huipokea nikakumbuka pilipili.

Kaskazi iliyopita niliteremka pwani asubuhi nikamkuta kijana mmoja ana jodari mzuri, mnene, mgongo unang'aa kama kisu kipya. Nikamwuliza swali langu. Akatazama huku na huku, wenziwe wakimsikiliza, kisha akasema, "Usiku, Maalim, na barafu ilituishia. Huyu nampeleka kwa mama kutiwa chumvi. Wewe chukua changu, wamo hai ndani ya dema." Nikachukua changu wanne, nikamlipa bei aliyoitaja.